Nilimkopea mdogo wangu, sasa benki imeninyima mkopo

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nguo na viatu vya mitumba mjini Voi. Nimeshikwa pande zote na sijui nianzie wapi kujinasua.

Mwezi uliopita, Julai, nilienda kwenye benki ninakoweka pesa za biashara nikaomba mkopo wa Sh120,000. Nataka kununua mabelo ya viatu vya shule mapema, kabla wenzangu hawajayakimbilia, niyauze Januari shule zikifunguliwa. Akaunti yangu hapo ina miaka minne na kila wiki pesa huingia. Afisa wa mikopo aliandika nambari ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akanyamaza, kisha akanigeuzia kioo. Akasema, “Mama, jina lako liko CRB, kwa wale wanaoweka kumbukumbu za mikopo. Alama zako ni 352. Jisafishe kwanza, halafu urudi.”

Niliyaandika niliyoyaona. Yalikuwa madeni matatu.

La kwanza ni Sh31,400 za benki nyingine, mkopo wa simu. Mkopo huu ni wangu kwa jina tu. Aprili 2022 injini ya bodaboda ya mdogo wangu iliharibika. Kikomo chake cha mkopo kilikuwa kidogo, changu kikubwa, nikamchukulia Sh18,000 za siku 30. Alirudisha Sh4,000, akaacha. Nikimkumbusha hujibu kwamba serikali ilifuta yale madeni ya simu na majina yakatolewa CRB, ati ilitangazwa hadi redioni. Mama naye huniambia nisimwandame mtoto wa watu, ana mke na kichanga.

La pili ni Sh9,870. Hili nalitambua. Mwaka 2019 nilikopa Sh6,500 kwenye programu fulani ya mikopo mwanangu alipolazwa hospitalini. Programu hiyo siku hizi haionekani tena. Lakini kuna mtu hunipigia simu akisema anawadai wateja wa programu hiyo. Wiki mbili zilizopita alimpigia kiongozi wa jumuiya yetu kanisani, akamwambia mimi ni mwizi. Anataka nimtumie pesa kwenye nambari yake ile ile anayonipigia.

La tatu ni Sh780 za kampuni ambayo hata jina lake sijawahi kulisikia.

Zamu yangu ya chama imefika na nimepokea Sh20,000. Biashara ikienda vizuri naweza kutenga Sh1,500 kwa wiki. Basi kila mtu ana ushauri wake. Kuna kijana anayetangaza mtandaoni kwamba anasafisha majina CRB kwa saa 48. Anataka Sh7,000, picha ya kitambulisho changu pande zote mbili, na nimsomee nambari ya siri itakayoingia kwa meseji. Rafiki yangu naye anasema nisipoteze pesa, nisajili laini mpya kwa kitambulisho cha dada yangu nianze upya.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Mume wangu ni mwalimu na hajui lolote kuhusu madeni haya. Aliponiona nimerudi benki mikono mitupu, nilimwambia wanachelewesha. Sasa amejitolea kuchukua hizo Sh120,000 kwenye Sacco kwa jina lake, na anataka mimi niwe mmoja wa wadhamini wake kwa kuwa sote ni wanachama. Si mtu wa ugomvi, lakini akiumia hukaa wiki nzima bila kusema neno, na nyumba nzima hupoa. Nikubali kudhamini ninyamaze? Nimlipe yule kijana yaishe kabla Sacco haijakaa? Au nilipe deni la mdogo wangu ambalo hata senti yake sikuila?

Jina Limechafuka, Voi.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mama.

Barua yako nimeielewa hivi: una madeni matatu yasiyofanana hata kidogo, lakini kwenye kioo cha afisa yule yamewekwa pamoja, nawe ukayabeba pamoja kama aibu moja. Juu yake umeweka uzito wa ndugu, wa mama, wa mume na wa kanisa. Tukiyatenganisha, baadhi yake yatapungua uzito. Moja huenda likaondoka kabisa.

Naomba tuanze na hilo jina ulilojipa. CRB si orodha ya wahalifu. Ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazoweka kumbukumbu za mikopo, na kwa Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Aliyekopa benki na kulipa kila mwezi bila kukosa, naye yumo humo. Unaposikia mtu “yuko CRB” maana yake ni kwamba kumbukumbu zake zina deni lililopitisha siku 90 bila kulipwa. Alama zile zina vipimo vyake pia. Kwa mfano, Metropol huhesabu kuanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 kwa kawaida ana deni ambalo bado halijalipwa. Ikiwa 352 yako imetoka huko, inasema jambo moja tu: kuna deni lililo wazi. Uaminifu wako wa miaka minne kwenye akaunti ile haumo kwenye nambari hiyo, na afisa wa mikopo anao uwezo wa kuuangalia.

Kabla hujatoa hata shilingi, pata ripoti yako mwenyewe, ya maandishi, kutoka kampuni zote tatu. Kisheria una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Huombwa kwenye tovuti au programu zao kwa nambari ya kitambulisho. Sisitizo langu la zote tatu lina sababu: benki yako huenda ilitazama moja tu, na deni lililosahihishwa huku linaweza kubaki kule. Kwenye kila mstari angalia jina la mkopeshaji, nambari ya akaunti, tarehe mkopo ulipotolewa, kiasi cha awali, salio, idadi ya siku za kuchelewa na hali ya akaunti. Angalia pia sehemu inayoonyesha nani wamekuwa wakiitazama ripoti yako, maana maombi mengi ya mikopo kwa muda mfupi humfanya mkopeshaji ajiulize una dhiki gani.

Sasa tuje kwenye Sh31,400 za mdogo wako, kwa sababu hapo ndipo penye pesa nyingi na maumivu mengi.

Ndugu yako hakutunga alichokisikia. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha kumbukumbu za watu wenye mikopo ya simu ya hadi siku 30 iliyokuwa imekwama. Wakopeshaji walitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni, na mkopaji akapewa hadi tarehe 31 Mei 2023 kumaliza nusu iliyobaki. Mkopo wako wa Aprili 2022 unafanana kabisa na mikopo iliyolengwa. Lakini haukuwa msamaha. Asiyelipa nusu yake ndani ya muda alirudi alipokuwa, na dirisha hilo lilishafungwa. Wengi walisikia nusu ya kwanza ya habari. Kwa hiyo nakuuliza kwa upole: una hakika mdogo wako anakataa kulipa, au anaamini kwa dhati kwamba hakuna cha kulipa? Mazungumzo na mtu wa aina ya kwanza ni tofauti sana na ya huyo wa pili. Ripoti iliyochapishwa, yenye tarehe na salio, inaweza kumfikia pale ambapo maneno yako hayakufika.

Pia usiikubali Sh31,400 kabla hujaihesabu. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaweka ukomo wa riba kwa mkopo uliokwama. Benki inaweza kudai salio la mkopo wenyewe kama lilivyokuwa siku ulipokwama, riba isiyozidi kiasi hicho hicho, na gharama za kudai. Fanya hesabu nami. Mlikopa Sh18,000, mkalipa Sh4,000. Ikiwa zote 4,000 zilipunguza mkopo wenyewe, salio lilikuwa Sh14,000. Riba haiwezi kuzidi Sh14,000 nyingine. Jumla ni Sh28,000. Zile Sh3,400 za juu yake benki inapaswa kukueleza ni gharama gani za kudai. Huenda wana jibu. Huenda pia sehemu ya zile 4,000 ililiwa na ada kwanza, na hapo salio la mwanzo litakuwa kubwa kidogo na ukomo nao utapanda. Ndiyo maana unaomba taarifa kamili ya mkopo huo tangu siku ya kwanza, kwa maandishi.

Hesabu hii ina faida nyingine. Ikiwa riba imeshafika ukomo wake, deni haliwezi kuendelea kuvimba kwa riba unapojipanga. Kuchelewa kunakugharimu nafasi ya kukopa, lakini hakukuongezei riba kila usiku kama unavyohofia. Hilo linakupa nafasi ya kuzungumza bila papara.

Ukifika kwa mkopeshaji huyo na Sh20,000 mkononi, una njia kadhaa. Unaweza kuomba punguzo, kwamba upokee salio sifuri ukilipa kiasi fulani kwa mkupuo. Deni la zamani kama hili hujadilika. Hatari yake ni kulipa kwa makubaliano ya simu tu: pesa zinaingia, kisha mfumo unaendelea kuonyesha baki, au sehemu iliyosamehewa inaandikwa kama hasara ya benki. Kwa hiyo barua au barua pepe inatangulia, ikitaja kiasi, tarehe ya mwisho, na kwamba akaunti itaripotiwa CRB kuwa imelipwa na kufungwa. Njia ya pili ni kulipa kidogo kidogo. Kwa 20,000 sasa na 1,500 kwa wiki, Sh28,000 zingeisha baada ya wiki 6. Sh31,400 kamili zingechukua wiki 8. Tuko Agosti, hivyo ungemaliza kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba. Ubaya wake ni kwamba mpaka shilingi ya mwisho ilipwe akaunti bado itasomeka kuwa haijamalizwa, na wewe utakuwa umekausha mtaji wote wa chama. Njia ya tatu ni kutumia sehemu ya zile 20,000 kununua mzigo mdogo, hata kwa kugawana belo na mwenzako, faida ndiyo ilipe deni. Wewe ndiye unayejua belo mbovu linaweza kumfanya nini mtu. Likiwa baya, utakuwa na deni lile lile na huna akiba.

Njia yoyote utakayoshika, lipa kwenye nambari rasmi ya malipo ya benki ukitumia nambari ya akaunti ya mkopo, kamwe si kwa simu ya mtu. Hifadhi meseji ya M-Pesa, kisha omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Mkopeshaji ndiye anayepeleka taarifa mpya CRB. Kampuni hizo hazijui umelipa mpaka waambiwe. Ipe kama mwezi mmoja, halafu angalia tena ripoti zote tatu. Watu wengi hukwama hapa hapa: wamelipa, mkopeshaji hakupeleka taarifa, na wao hawakurudi kuangalia.

Swali lako kwamba kwa nini ulipe pesa ambayo hukuila ni swali la haki, na sitalipuuza. Mbele ya benki mdogo wako hayupo. Mkataba una kitambulisho chako, na kusubiri alipe ni kuliacha jina lako mikononi mwake. Lakini wewe kulipa hakuna maana kwamba yeye amesamehewa. Mnaweza kukubaliana atume kiasi kidogo kila wiki moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya benki, bila kupitia kwako, ili asipate cha kusema na wewe usiwe unamkumbusha kila siku. Au wewe umalize, yeye akulipe wewe kwa maandishi mafupi mbele ya mama yenu. Ya kwanza ina hatari kwamba akikosa wiki mbili, ni wewe unayeumia Januari. Ya pili ina hatari kwamba, benki ikishatoka katikati, deni litageuka la kifamilia na kusahauliwa. Mama anamwonea huruma kwa kuwa ana kichanga. Je, anajua kwamba mkopo wa biashara inayowalisha wajukuu wake wengine umezuiwa na deni hilo? Huenda naye anajua nusu ya habari.

Deni la pili, Sh9,870, tulishike kwa tahadhari. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiodhibitiwa kupeleka taarifa CRB. Kanuni za 2022 zikaja kuwataka wawe na leseni. Kwa hiyo mkopo wa programu ya 2019 ambayo haipo tena, ukiwa bado kwenye ripoti, unahitaji maswali: aliyeuripoti ni nani, aliuripoti lini, na ana leseni? Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni; tafuta jina hilo humo. Na yule anayekupigia, mwombe barua ya kampuni inayoonyesha deni ni lao, hesabu yake, na nambari rasmi ya malipo. Mtu anayetaka pesa kwenye simu yake binafsi hajakuthibitishia chochote. Ukimtumia, unaweza kuwa umempa zawadi mgeni na deni likabaki pale pale.

Lipo pia suala la muda. Kwa sheria ya Kenya, deni la mkataba likipitisha miaka 6 tangu ulipovunja ahadi ya kulipa, mdai hupoteza nafasi ya kulipeleka mahakamani. Lakini ukilipa hata sehemu ndogo, au ukikiri deni kwa maandishi, hesabu ya miaka inaanza upya. Sikuambii hivi ili ukwepe haki ya mtu. Ulikopa, mtoto akatibiwa, na nasikia kwenye barua yako kwamba ungependa kulilipa. Nakuambia ili usitume Sh500 za kumnyamazisha huku hujui unaamsha nini.

Kumpigia kiongozi wako wa kanisa ni jambo jingine kabisa, nalo nimelisoma kwa uchungu. Kanuni za 2022 zinakataza wakopeshaji kutisha na kutukana wateja, au kutumia majina yaliyo kwenye simu zao kuwaaibisha. Hata kama deni ni halali, kitendo hicho si halali. Andika tarehe, saa na nambari iliyopiga, mwombe kiongozi wako akuandikie alichoambiwa, kisha unaweza kulalamika kwa Benki Kuu na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji kulipa kwanza ndipo ulindwe.

Sh780 ni fupi zaidi. Kanuni za CRB za 2020 ziliweka kiwango: deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kuripotiwa kama taarifa mbaya. Isitoshe, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuripoti, na wewe hata jina lake hulijui. Andikia kampuni ya CRB malalamiko, ambatisha nakala ya kitambulisho na ukurasa wa ripoti ukiwa umeuwekea alama mstari huo, useme huutambui na uko chini ya kiwango. Wataweka alama kwamba taarifa inabishaniwa na kumtaka mkopeshaji athibitishe. Akishindwa, lazima irekebishwe au iondolewe. Ni bure. Usilipe hizo 780 kwa sababu tu ni kidogo, maana ukizilipa umekubali kwamba zilikuwa zako.

Umeshaona basi yule kijana wa saa 48 anauza nini. Kosa linaloweza kuondolewa, unaliondoa mwenyewe bila malipo. Deni la kweli lisilolipwa, hakuna wa nje anayeweza kulifuta. Kinachonitisha kuliko Sh7,000 ni picha za kitambulisho pamoja na nambari ya siri ya meseji. Kwa vitu hivyo viwili mtu anaweza kuingia kwenye akaunti zako au kukopa kwa jina lako, na ungerudi kwangu na madeni sita badala ya matatu. Wako pia wanaokuletea karatasi nzuri ya “cheti cha CRB” ambayo afisa wa benki ataigundua kwa dakika moja. Cheti halisi hutolewa na kampuni za CRB wenyewe, kwa mtu asiye na deni lililokwama. Kanuni za 2020 ziliondoa ada kwa anayekiomba mara ya kwanza. Kinaeleza hali yako siku kilipotolewa, basi, hakibadilishi kumbukumbu.

Kuhusu laini ya dada yako, CRB hufuata kitambulisho, si nambari ya simu. Ukikopa kwa laini hiyo mkopaji ni yeye, na biashara ikiyumba atakuwa amekaa pale ulipokaa wewe kwa ajili ya ndugu yenu. Benki nayo ikijua umetumia kitambulisho cha mtu mwingine, ni kesi. Nadhani wewe, kuliko mtu yeyote, unajua uchungu wa kubeba mkopo wa mwingine.

Tuingie nyumbani. Unaogopa ukimya wa mume wako, na sitasema ni jambo dogo. Wiki ya nyumba iliyopoa ni ndefu. Lakini tazama anachotaka kufanya: anataka kuweka mshahara wake na jina lake nyuma ya biashara yako. Je, angefanya hivyo kwa kiasi kile kile, kwa muda ule ule, akijua yote? Labda ndiyo. Labda angesema mlipe deni kwanza mkope kidogo. Kwa sasa anaamua bila hesabu kamili. Lipo pia jambo la utaratibu: Sacco siku hizi zinaweza kupata na kutoa taarifa za CRB, na nyingine huwakagua wadhamini pia. Ukinyamaza na wao wakakagua, atayasikia kwa karani kwenye dirisha, mbele ya walimu wenzake. Wasipokagua, utakuwa umedhamini mkopo huku ukijua usichomwambia.

Unaweza kumweleza kabla ya kutia sahihi, ukiwa na ripoti tatu na hesabu ya wiki 6 au 8 mkononi. Atakuwa na cha kushika kando ya kuumia. Unaweza kumwomba aahirishe mkopo na atafute mdhamini mwingine, ukajipa muda. Lakini atauliza kwa nini, na jibu lingine la “wanachelewesha” litakuwa la pili. Au umalize deni kwanza, umweleze baadaye kama jambo lililopita. Wapo waliofanya hivyo wakapona. Ila huenda anajua umezipokea zile 20,000 za chama, na anaweza kuuliza zimekwenda wapi. Wewe ndiye unayemjua. Nakuomba tu usichague ukiwa umeogopa CRB kuliko inavyostahili.

Kuhusu Januari niwe mkweli. Hata ukimaliza kulipa Oktoba, alama hazitaruka siku ile ile. Deni lililokwama hubaki kwenye kumbukumbu miaka 5 tangu lilipomalizwa, likisomeka kwamba lililipwa kwa kuchelewa. Mkopeshaji akiona limelipwa anaweza kukopesha. Akiona bado liko wazi, wengi hufunga faili. Kwa hiyo rudi kwa yule afisa kabla hujalipa umuulize, “Kujisafisha maana yake nini kwenu?” Wanataka salio sifuri, cheti, au alama za kiwango fulani? Wanaweza kukupa kiasi kidogo, tuseme 40,000, kwa kutazama akaunti yako ya miaka minne? Jibu lake linaweza kubadilisha pesa zako ziende wapi kwanza. Ukilipata, mwombe akuandikie.

Baada ya hapo alama hujengwa na mambo ya kawaida mno: mkopo mdogo uliolipwa tarehe yake, Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa salio likipungua, iliyofungwa badala ya kuburutwa mwezi hadi mwezi, kutoomba mikopo mitano kwa wiki moja ukijaribu bahati. Mkopo wa Sacco unaolingana na akiba yako mwenyewe ni mahali salama pa kuanzia, kwa kuwa akiba hiyo ndiyo dhamana. Mchango wa chama, pamoja na nidhamu yote unayoionyesha humo, hauripotiwi CRB, lakini daftari lake lenye sahihi unaweza kulibeba kwa afisa pamoja na barua ya benki ile nyingine na meseji za malipo.

Ripoti zikifika na ukakuta mstari usiouelewa, tuandikie tena. Funika nambari ya kitambulisho kabla ya kutuma, na utuachie tarehe na viasi, tutaipitia pamoja.